KLR650 visiwani: nunua grisi kabla ya masanduku

Kawasaki KLR650 ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya mtu wa safari za siku nyingi: tangi la lita 23, injini ya pistoni moja ya cc 651 inayovuma taratibu kutwa nzima, gia tano, shokapu ndefu na kioo cha kukinga upepo. Msomee mtu wa Unguja sifa hiyo ya tangi, atacheka. Mjini hadi Makunduchi na kurudi ni kama kilomita 130, na KLR iliyo sawa hula lita moja kwa kilomita 20 hivi. Utakwenda na kurudi mara tatu kabla hujawaza kituo cha mafuta. Pemba ndiyo kabisa: toka Mkoani, pita Chake, fika Konde, kisiwa kimekwisha.

Hata hivyo tunaipa alama nzuri, kwa sababu ambazo hazimo kwenye matangazo yake. Tunazungumzia zile za kabureta za 2008 hadi 2018. Iliyotoka baadaye, ya 2022, ina injeksheni na kompyuta, na fundi wa pembeni mwa barabara hataifungua kwa raha. Hizi za kabureta anazijua hata kama hajawahi kuziona: kabureta moja, plagi moja (NGK DPR8EA-9), filta ya hewa ya sponji inayofuliwa na kupakwa oili, cheni ya 520. Kinachozidi ni rejeta na feni yake.

Barabara zetu kuu ni lami, na kinachochosha pikipiki humo ni matuta. Kila kijiji kina yake, na ya Jozani, yaliyowekwa ili magari yasiue kima punju, huwezi kuyapita kwa kujifanya huyaoni. Ukiacha lami unakutana na uwanda wa mawe makali upande wa mashariki, mchanga mweupe wa kuzama ukikaribia pwani, na Pemba udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika. Ringi ya mbele ya inchi 21 hupanda jiwe ambalo ringi ya 17 ingeligonga. Injini haina haraka lakini ina nguvu chini, na visiwani mwendo ni huo huo wa chini.

Ubaya wake wa kwanza utauona kabla hujaiwasha. Kiti kiko milimita 890 kutoka chini, na pikipiki ikiwa na mafuta ina uzito unaokaribia kilo 200. Mtu wa kimo cha wastani atagusa chini kwa vidole, na mchangani vidole havitoshi. Kuna vyuma vya kubadilisha kwenye maungio ya shokapu ya nyuma vinavyoishusha kama sentimita mbili na nusu. Ukivifunga, pandisha na mirija ya mbele ndani ya vishikio vyake kwa kiasi hicho hicho, la sivyo usukani utakuwa mzito, na stendi ya pembeni ikatwe kidogo kwa sababu itakuwa ndefu mno na pikipiki itasimama wima kama inayotaka kuanguka upande wa pili. Kwa mrefu, acha kama ilivyo.

Sasa kwenye injini. Kuna sehemu moja ambayo Wamarekani wameisema mpaka wameipa jina la utani ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "kidude", nasi tutaiita hivyo. Ndani ya KLR mna vyuma viwili vya balansa vinavyozungushwa na cheni ili kupunguza mtikisiko wa pistoni moja kubwa. Cheni hiyo inalegea kadiri inavyofanya kazi, na kidude, mkono mdogo wenye springi, ndicho kinachoikaza. Hakijikazi chenyewe. Kimefungwa na bolti unayoifikia kwa nje, upande wa kushoto wa injini, chini ya kizibo cha mpira. Unailegeza bolti, springi inavuta mkono, cheni inakazika, unaifunga tena.

Kwenye pikipiki za kabla ya 2008 mkono huo ulikuwa vipande viwili vilivyochomelewa, na ulikatika. Wa 2008 kuja huku ni kipande kimoja na hukatika kwa nadra, lakini springi yake hupoteza mvuto mapema. Hapo ndipo watu wanapojiumiza: wanasoma kwamba kuna bolti ya kulegeza, wanailegeza, springi haina nguvu tena, mkono unarudi nyuma badala ya kukaza, na cheni iliyokuwa imelegea kidogo sasa imelegea kabisa. Kama huna uhakika na hali ya springi, usiiguse bolti ile. Fungua kwanza uone.

Kufungua si kazi ya miujiza, ila inataka vifaa viwili ambavyo gereji nyingi hazina: chuma cha kuzuia rota (gurudumu la sumaku la kuchajia umeme) isizunguke, na pula ya kuing'olea. Agiza pamoja na kidude kipya, springi ya kujisokota badala ya ile ya kuvuta, na gasketi mbili, ya kifuniko cha nje na ya kifuniko cha ndani. Mwaga oili, toa kinga ya chini na mguu wa gia, fungua kifuniko cha nje (koili za chaji zimefungwa kwenye kifuniko hicho, usizivute waya), legeza bolti ya rota, funga pula, ing'oe. Fundi akichukua nyundo na bisibisi kuichokonoa rota, mwambie aache. Toa kifuniko cha ndani na utakiona kidude. Kama springi imekatika, hesabu vipande vyake vyote. Kimoja kikibaki ndani, umefanya kazi bure. Ukishafunga kila kitu, bolti ya nje inataka Nm 9 tu, yaani nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Ikikazwa kwa mkono wa mtu aliyezoea nati za lori, inakatikia ndani. Baada ya hapo irudie kila kilomita 5,000 hadi 8,000: legeza mzunguko mmoja, usizidishe, kisha kaza.

Hiyo ndiyo kasoro maarufu ya pikipiki hii, na inatibika mara moja. Ya visiwani ni nyingine na haimaliziki.

Kiwandani KLR hufungwa kwa grisi kidogo mno kwenye maungio ya nyuma: ekseli ya mkono wa tairi la nyuma, na bolti za vyuma vinavyobeba shokapu. Hakuna hata chuchu ya kupigia grisi. Katika nchi kavu utakaa miaka bila kuona shida. Paje, Jambiani au Makunduchi wakati wa kusi, upepo unapoleta mvuke wa bahari usiku kucha mpaka vioo vya madirisha vinakuwa na ukungu wa chumvi, mambo ni mengine. Maji ya chumvi yanaingia kwenye beringi za sindano, na ile bolti ndefu ya mkono wa nyuma, ambayo ni chuma inayopita ndani ya tumbo la injini la alumini, inashikana na alumini. Chuma, alumini na chumvi vikikaa pamoja huota unga mweupe mgumu kama chokaa iliyokauka. Bolti ikishafika hapo haitoki kwa nyundo. Tumeona zikikatwa kwa msumeno pande zote mbili, na kilichobaki ndani kikatolewa na fundi wa leti (mashine ya kukereza chuma) kwa siku mbili.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote cha kuipamba pikipiki hii, fanya kazi hii. Inyanyue kwa kuweka tegemeo chini ya injini, tairi la nyuma likae hewani. Toa tairi. Bolti kama imekuwa ngumu, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku mbili tatu kabla, pande zote. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti ndipo ugonge, ili usiharibu nyuzi, na gonga kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Ikitoka, isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, toa bomba za ndani za beringi, safisha sindano kwa mafuta ya taa, kausha. Pakia grisi mpaka ijae, kisha paka bolti yenyewe urefu wote. Fanya hivyo hivyo kwa bolti za vyuma vya shokapu, ekseli za matairi yote mawili na beringi za usukani.

Grisi ya kawaida ya gari husafishwa na maji mapema. Nenda wanakonunua wavuvi vipuri vya mashine za boti, uliza grisi ya mashine ya boti. Imetengenezwa kwa maji ya bahari na haigharimu hela nyingi. Kopo moja la nusu kilo linatosha pikipiki nzima na linabaki. Kazi hii irudie kila mwaka, mwezi wa kwanza au wa pili, kabla ya masika. Ukikaa Mjini mbali na maji, miaka miwili.

Vibanio vya breki navyo ni hivyo hivyo: pini zake zinakwama, pedi inabaki imeshika diski, tairi linakuwa zito na watu wanalaumu cheni. Toa pini, sugua, paka grisi ya breki inayostahimili joto. Hiyo ya boti usiitumie hapo.

Kuosha: tahadhari na maji ya visima vya pwani. Mengi yana chumvi, na ukiosha pikipiki kwa maji hayo kila siku unaipaka chumvi kila siku. Tumia maji matamu, ndoo na kitambaa. Mashine za kuoshea za presha kubwa zisielekezwe kwenye vitovu vya matairi wala kwenye mkono wa nyuma. Cheni ifute kwa mafuta ya taa, si petroli, kwa sababu petroli inakausha mipira midogo iliyo ndani yake, kisha pitisha kitambaa chenye oili nzito ya gia namba 90. Usiimwagie mpaka idondoke, itakusanya mchanga na kuwa msasa.

Umeme wa KLR ni mdogo, na shida zake huku karibu zote zinatokana na kutu ya kijani kwenye soketi. Swichi ya klachi na swichi ya stendi ya pembeni zimeunganishwa na mfumo wa kuwasha. Mojawapo ikipata kutu, pikipiki ama haiwaki kabisa, ama inazima ukitia gia. Haina kiki ya mguu, kwa hiyo utasukuma. Wengi wanakimbilia kukata waya wa stendi na kuziunganisha. Inafanya kazi, ila siku utakapoondoka stendi ikiwa chini kwenye kona ya kushoto, utajua kwa nini iliwekwa. Afadhali fungua soketi, isugue, jaza grisi nyeupe ya umeme. Angalia pia fungu la waya linalopita kwenye shingo ya usukani. Linasuguliwa kila unapokata kona, na pikipiki inayozima taa ukigeuza usukani upande mmoja haina ugonjwa mwingine.

Upande wa mafuta, koki ya petroli hufunguliwa na pumzi ya injini kupitia kiwambo cha mpira. Kiwambo kikichoka, injini inakosa mafuta ukiipa mwendo, inakohoa, ukisimama inarudi sawa. Dawa wanayoitumia wengi ni koki ya mkono ya Yamaha Raptor 660, inaingia pale pale. Ziba tundu la mpira wa pumzi kwenye kabureta baada ya hapo, na jizoeze kuifunga koki kila unaposimama, kwa sababu sasa hakuna kitakachoifunga kwa niaba yako. Tangi ni la chuma. Kwa kutembea nusu tangi inatosha na inapunguza kilo nane hivi juu ya pikipiki iliyo ndefu tayari. Lakini ikiwa italala zaidi ya wiki mbili, lijaze mpaka juu, maana hewa yetu yenye unyevu ikipata nafasi ndani ya tangi inaacha maji chini na kutu juu. Mwaga na mafuta ya kwenye bakuli la kabureta kwa skrubu yake ya chini.

Wapo wanaoshauri kutoboa slaidi ya kabureta (kipande kinachopanda na kushuka kufungua hewa) na kuweka washa chini ya sindano yake ili injini iamke vizuri. Slaidi iache, weka washa moja ya nusu milimita, basi. Tundu likizidi hakuna wa kulirudisha.

Pemba wakati wa mvua kuna jambo jingine dogo. Mpira wa kupumulia wa kabureta unaning'inia chini nyuma ya injini. Ukipita kwenye maji yaliyofika hapo, kabureta inazibwa pumzi na injini inazima katikati ya dimbwi, nawe unadhani maji yameingia kwenye plagi. Ukate mpira huo, weka kiunganishi cha T, tawi moja lishuke kama zamani na jingine lipande mpaka chini ya kiti. Gharama yake ni ndogo kuliko soda.

Mizigo. Fremu ya nyuma ya KLR imeshikwa juu na bolti mbili za milimita 8, na hizo hukatika. Pakia abiria na gunia la mchele la kilo 50 juu ya kerea, pita matuta kumi, na umezipa kazi ambayo hazikufanywa kwa ajili yake. Badilisha kwa bolti zenye alama 12.9 kichwani. Hiyo alama iangalie kwa macho yako, kwani bolti nyingi za dukani hazina alama yoyote na zinakunjika kama msumari. Anayebeba kila siku amtafute fundi mwenye mkono mtulivu atoboe pitilizi na kupitisha bolti moja ndefu ya milimita 10 kutoka upande hadi upande. Zipake grisi pia.

Gia ya cheni ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 43. Weka 14 mbele. Utapoteza mwendo wa juu ambao huna pa kuutumia, na utapata pikipiki inayopanda tuta kwa gia ya pili bila kugugumia na inayotembea mchangani bila kuchoma klachi. Spidi ya kwenye dashibodi haidanganyiki, kwa kuwa kebo yake inatoka tairi la mbele. Ukishakaza nati ya gia hiyo ya mbele, kunja pale pale washa ya kuifungia, nati hiyo ina tabia ya kujifungua.

Matairi ni 90/90-21 mbele na 130/80-17 nyuma, yote ya tyubu. Upepo psi 21 mbele, na nyuma 21 ukiwa peke yako, 29 ukiwa na mzigo. Mchangani shusha mpaka 15, na ukirudi lami jaza, vinginevyo tyubu inasogea na kukata kichwa chake. Tyubu ya inchi 21 si ya kutafuta kila duka, beba yako. Nyuma ukikwama, tyubu ya inchi 17 ya Boxer itakufikisha nyumbani kwa mwendo wa kunyata.

Yasiyo na maana hapa ni mengi, na ndiyo yanayouzwa kwa bei kubwa. Kifaa cha kuchanganya maji ya moto na baridi kwenye rejeta kinafaa zaidi nchi za baridi. Tangi la ziada la nini, na la kiwandani tumeshaona linazidi. Masanduku ya alumini ya pembeni yanaifanya pikipiki iwe na upana wa kama mita moja, na kwa Darajani au vichochoro vya Mji Mkongwe hilo ni tatizo, si urembo. Mifuko laini inatosha. Diski kubwa ya mbele ya milimita 320 inasaidia kweli, lakini pedi nzuri na mafuta mapya ya breki hutoa nusu ya faida hiyo kwa pesa kidogo. Kinga ya chini ya chuma ndiyo ununue, kwa sababu ile ya plastiki haizuii jiwe la uwandani, na nati ya kumwagia oili imejitokeza pale chini kabisa. Springi za mbele ngumu zaidi zinafaa pia, ila ukipata pikipiki ya toleo lililotoka katikati ya 2014 kuja huku, Kawasaki walishazikaza mbele na nyuma, na kiti walikirekebisha.

Oili ni 10W-40, lita 2.5 ukibadilisha na filta. Za 2008 zina sifa ya kunywa oili zikikimbizwa sana. Kioo cha kupimia kiko pembeni ya injini, kitazame pikipiki ikiwa wima kila unapojaza mafuta. Nafasi za vali zipime injini ikiwa baridi: kuingiza milimita 0.10 hadi 0.20, kutolea 0.15 hadi 0.25. Vali za KLR hubana kadiri zinavyochakaa badala ya kupiga kelele, kwa hiyo ukimya si dalili ya uzima. Kubadilisha shimu (vibati vya kurekebisha nafasi hiyo) kunataka kutoa kamshafti, mpe anayejua.

Ukienda kuitazama ya kununua, nenda na spana ya bolti ya mkono wa nyuma pamoja na chupa ya mafuta ya kutu. Muuzaji atakuonyesha masanduku, taa za ziada na kioo kirefu, na vyote atavihesabu kwenye bei. Mwombe ruhusa, legeza nati, jaribu kuizungusha ile bolti. Ikizunguka, endelea na mazungumzo. Ikigoma, kata kwenye bei yake gharama ya bolti mpya, beringi mpya, na siku mbili za fundi wa leti. Masanduku mwachie.